Nyoka Hasikii Sufuria

Katika parcelle yetu, uani kwetu, hapa Butembo kulikuwa na kiumbe mmoja tu mwenye mdomo kunishinda mimi, naye alikuwa ndege. Kichwa cheusi, nywele zimesimama nyuma kama mtu aliyeamka akakosa kitana, mwili wa rangi ya udongo, na chini ya mkia njano kali, utafikiri alikalia yai likapasuka. Yeye na mke wake (ao mume wake, sikujua yupi ni yupi na wao hawakunijulisha) walijenga kwenye mndimu ulio kando ya jiko, mahali ambapo ukinyoosha mkono miiba inakujibu kwanza. Walichagua vizuri. Mimi ningekuwa ndege ningejenga juu ya paa la kanisa nipate muziki wa bure, na mvua ya kwanza ingenimaliza.

Nilimpa cheo: Directeur. Shuleni kwetu tuko na directeur wa nidhamu ambaye husimama mlangoni asubuhi, nywele hivyohivyo, na ukichelewa anaanza kupiga kelele hata kabla hujamaliza kutengeneza uongo wako. Huyu wa mndimu alikuwa ndugu yake. Ukienda chooni, kelele. Ukichota maji kwenye pipa, kelele. Mama akitoka kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, kelele, na yule mwenziwe anaitikia kutoka kwenye waya wa umeme, ule ambao hauna umeme.

Mtu mmoja tu walimvumilia, koko.

Koko ni mama ya mama. Alitoka upande wa Eringeti, alikoacha nyumba na shamba la maharagwe ambayo yalikuwa yanakaribia kukauka. Siku moja mchana mtu alipiga sufuria kule kijijini kuonya kwamba wauaji wanakuja, watu wakakimbia, naye akakimbia na mguu wake mbaya, akafika Beni bila hata kitenge cha kubadilisha. Alikaa kidogo kwa mjomba wangu kule Beu, mtaa wa Beni, kisha mama akampandisha huku kwetu, na tangu hapo alikuwa analalamikia baridi ya Butembo kana kwamba sisi ndio tuliitengeneza. Mguu ulikuwa umegoma. Asubuhi tulimbeba na kiti chake mpaka uani, jioni tulimrudisha. Katikati ya hapo alichambua maharagwe na kutukana.

"Koko, unaamuka aje?"

"Niko nangojea kufa, na wewe unanifunikia jua. Toka hapo."

Huyo ndiye koko. Msimtafutie hekima. Alikuwa na meno machache na matusi mengi.

Lakini siku mayai yalipopasuka, nikamletea habari kwamba kuna vichwa vitatu visivyo na manyoya, vibaya kama vidole gumba vya mzee, aliacha maharagwe yake. Kisha akasema:

"Hawa nataka nibaone banaenda. Banakomaa, banapata manyoya, banaruka bo benyewe, banaenda. Basi."

"Na kisha?"

"Kisha nini? Ni hiyo tu njo nataka. Iko mingi?"

Haikuwa mingi. Donc tukawa walinzi wa watoto wa Directeur, ambaye hakutuomba.

Kwa sababu masomo yetu ni ya asubuhi, mchana nilikuwa hapo na koko, na nilijifunza mambo ambayo mwalimu wa biolojia hajawahi kuyaandika ubaoni. La kwanza ni macho. Wazazi hawakuja kwenye kiota moja kwa moja. Walitua kwenye kamba ya nguo, halafu kwenye mgomba, halafu wakageuza kichwa, mdomoni kiwavi kinaning'inia. Ukitazama kiota, hawaingii. Unaweza kukaa pale mpaka kiwavi kizeeke. Ukitazama kucha zako, wanaingia mara moja. Koko alijizoeza kutazama kando, kama mwanamke anayepita mbele ya mchumba wake wa zamani sokoni.

La pili ni sauti. Directeur alikuwa na kelele mbili. Ile kubwa, kwe-kwe-kwe-kwek, ilikuwa ya vitu vinavyokuja kwa miguu ao kwa tumbo: pusi (yaani paka), mbwa, mimi. Akipiga hiyo hakimbii. Anamsogelea adui, anatikisa mabawa, anamtukana usoni, na ndege wengine wanakuja, hata wale wadogo wa kunyonya maua, hata wale wenye mikia mirefu wasio na akili, wote wanajaa mtini kama watu wanaokuja kuangalia ajali ya moto, yaani pikipiki, barabarani. Adui akiona anajulikana, mara nyingi anaenda zake.

Ile nyingine ilikuwa ya mwewe. Nyembamba, kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa, na huwezi kujua inatoka wapi. Ikilia tu, watoto waliokuwa wanapanua midomo na kudai chakula kama wanafunzi wa internat, wale wa bweni, wanazima wote pamoja. Wanalala chini katika kiota na mti unakuwa mti tu.

Hiyo nilijifunza kuiga. Ulimi nyuma ya meno, hewa kidogo. Shuleni ilinipatia heshima: Directeur wetu wa kweli akionekana kwenye veranda, napiga mwewe, na darasa zima linainama juu ya vitabu. Nilipoijaribu nyumbani, watoto walizima, baba yao akapotea, mama yao akapotea, na maharagwe matano yakanipiga shikioni.

"Unabafundisha uongo!" koko alisema. "Siku mwewe itakuya kweli, batasema ni ule mupumbavu wa ku nyumba."

"Koko, ni mazoezi. Hata jeshi inafanya mazoezi."

"Jeshi!" alisema, akacheka kicheko kibaya, akatafuta harage lingine la kunitupia.

Watoto wakakua haraka. Manyoya yakatoka, vichwa vikaanza kuwa vyeusi, mkia ukawa kama kipande cha penseli. Walisimama ukingoni mwa kiota wakapiga mabawa bila kuondoka, kama motard, mwendesha moto, anayepiga moteur bila essence tankini. Koko alisema bado kidogo. Kila siku alisema bado kidogo, na kila siku aliomba kiti kisogezwe mahali palepale, pembeni, ili asiwachome na macho.

Kisha ikaja siku ya nyoka.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomo, sare bado mwilini. Mama alikuwa anachemsha maji ya bugali. Koko alikuwa na sufuria kubwa magotini, mwiko ndani yake, maharagwe juu. Directeur akaanza ile kelele kubwa, na nilifikiri ni pusi ya jirani, mais hakunyamaza. Iliongezeka. Mwenziwe akaja, wale wa mikia mirefu wakaja, mti ukajaa vurugu.

"Wee," koko alisema, "angalia muzuri. Hiyo haiko pusi."

Ilikuwa ya kijani, nene kama kidole, na ilikuwa inapita kati ya miiba bila kuchomwa, kama vile miiba ni rafiki zake. Ilisogea, ikasimama, ikasogea. Ndege walikuwa wanaishambulia kutoka nyuma. Directeur aliiparura mkiani, ikajikunja, ikarudi nyuma kidogo. Naapa ilirudi nyuma. Kama tungewaacha wao wenyewe na kazi yao, sijui. Hakuna anayejua.

Mkono wa koko haukungoja kichwa chake. Alimwaga maharagwe yote chini, akageuza sufuria, akashika mwiko, akapiga.

Huku kwetu, Beni mpaka Butembo, sufuria ikilia hakuna anayeuliza ni ya nini. Unapiga yako. Mwizi akiingia kwa jirani, unapiga, na jirani ya jirani anapiga, mpaka avenue yote inalia na mwizi anajua kwamba hakuna mtu amelala. Ndiyo filimbi yetu, ndiyo polisi yetu. Kwa hiyo koko alipopiga, mama aliinua kifuniko cha sufuria ya bugali akapiga, na ng'ambo ya ukuta mwingine akaanza, na mwingine, na kabla sijameza mate sehemu yote ile ya mji ilikuwa inalia mchana kweupe. Motard anayeishi parcelle ya pili aliruka ukuta, kofia ya moto bado kichwani, fimbo mkononi.

"Wapi mwizi? Beko bangapi?"

"Iko moja!" mama alipiga kelele. "Ku ndimu!"

"Mwizi alipanda ku ndimu?"

"Nyoka, wee!"

"Nyoka? Juu ya nyoka njo munaamusha avenue muzima? Nimeacha client ku barabara na mizigo yake!"

Mwalimu wa biolojia aliwahi kutuambia kwamba nyoka hana tundu la shikio, kwamba sauti ya hewani anaipata kidogo sana, anachosikia vizuri ni mtikisiko wa udongo. Siku ile nilicheka, nikasema ndiyo maana nyoka hana directeur. Sasa nilimwona. Avenue nzima inapigia sufuria, na yeye ametulia kwenye tawi lake. Kila kilicho hai pale kiliogopa isipokuwa yeye. Wale ndege wote waliokuja kusaidia walitawanyika. Hata Directeur, ambaye hajawahi kumkimbia mtu, alirushwa na ile kelele mpaka kwenye waya.

Na watoto wakaruka.

Hawakuruka kwa kwenda juu. Walitoka tu, wote kwa mara moja, kila mmoja upande wake, kama mbegu za mbarika zikipasuka juani. Ndiyo hila yao ya mwisho. Mtoto wa ndege akishapata manyoya kidogo, akiona kifo kimefika kwenye kitanda, anajitupa: afadhali kuwa peke yake chini kuliko watatu katika bakuli moja. Mmoja aliangukia kwenye lenga-lenga, mchicha wa mama. Mwingine aligonga pipa la maji akapotea nyuma yake. Wa tatu alikimbia kwa miguu, mabawa wazi, akaingia chini ya mbao za eucalyptus ambazo baba aliziweka za kumalizia jiko.

Koko alikuwa ameacha kupiga. Mwiko ulibaki hewani.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Yeye aliacha, lakini avenue haikuacha. Watu waliokuwa mbali hawakujua kwamba hapa pamekwisha. Waliendelea kupiga, kwa moyo wote, kwa ajili yetu, na koko alikuwa anapunga mkono kuelekea ukutani kama mtu anayejaribu kusimamisha mvua.

Motard alipiga mndimu na fimbo yake. Nyoka akashuka taratibu, akaingia kwenye ufa wa ukuta bila haraka, kama mtu anayetoka misa.

Nilimpata yule wa lenga-lenga. Mkononi hakuwa na uzito wowote, alikuwa moyo tu, unapiga kama simu iliyowekwa kwenye vibreur. Nikapitisha mkono kwenye miiba, nikamrudisha kiotani. Akaruka. Nikamrudisha, akaruka tena. Motard alisema ngoja, mimi najua, akavua kofia yake ya moto akaifunika juu ya kiota ili mtoto afikiri ni usiku. Tulisimama pale na mama, wote watatu, tumeshika kofia ya moto juu ya mndimu, na kama si siku ile ningekuwa nacheka mpaka leo. Tulipoitoa, akaruka.

"Muache," koko alisema. "Unafikiri atalala tena mule?"

Juu ya waya wazazi walikuwa wanatupigia kelele, na midomo yao ilikuwa imejaa. Kelele ilitoka pembeni mwa viwavi. Walikuwa na chakula na hawakushuka. Mama aliwaangalia, akatuangalia sisi, sare yangu, kofia ya moto, fimbo, sufuria.

"Ni sisi beko banaogopa sasa," alisema. "Tuingie mu nyumba. Bote."

Tuliingia. Maji ya bugali yalibaki yanachemka peke yake nje. Tulimbeba koko na kiti chake, tukamweka karibu na dirisha, na motard naye akaingia, kofia imerudi kichwani. Nilimkumbusha client wake. Akasema client atangoja, ao hatangoja.

Baada ya muda Directeur alishuka. Aliita kidogo, sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, na kutoka kwenye mbao mtoto akaitika. Akaingia huko na mdomo uliojaa, akatoka mtupu. Mama alinishika bega. Nyuma ya pipa pia mtoto aliitika. Kwenye lenga-lenga pia. Hapo ndipo niliona ubaya wake. Kila akiitika, anamwambia mama yake niko hapa, na anamwambia hivyo kila mwenye masikio.

Pusi ya jirani alikuja juu ya ukuta. Hakuwa na nia yoyote, alikuwa anatembea. Kisha akasimama, masikio mbele.

"Nitoke?" niliuliza.

"Ukitoka, bazazi banakimbia tena," mama alisema.

"Na kama sitoke?"

Koko alikuwa ameshika chuma cha dirisha.

Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikaweka ulimi nyuma ya meno, nikapiga mwewe. Nyembamba, vizuri, labda vizuri kuliko siku zote. Nyuma ya pipa pakanyamaza. Kwenye mbao pakanyamaza. Yule wa lenga-lenga alikuwa hajala tangu nyoka. Aliendelea kuita. Nilipiga tena, na tena, mpaka midomo ikakauka, na yeye anaita tu, maana njaa yake ilikuwa hapo na mwewe hakuonekana.

Pusi alishuka ukuta. Nilitoka mbio, nikamrushia kandambili, nikamkosa, na akaruka ukuta na kitu mdomoni. Directeur alimfuata. Alimparura mgongoni juu ya ukuta wote, juu ya mabati ya jirani, akipiga kelele yake kubwa, mpaka hatukuwaona. Kisha alirudi. Kiwavi alichokuwa amemletea mtoto kilikuwa bado mdomoni. Alisimama juu ya lenga-lenga akaita kwa ile sauti ya chini. Akangoja. Akaita. Halafu akakipeleka kwenye mbao.

Jioni ilinyesha mvua ya Butembo, ile inayoanguka kana kwamba kuna mtu anaimwaga kwa hasira. Asubuhi kabla ya kumtoa koko nilienda nyuma ya pipa. Nilimkuta mtoto amelowa, haamki tena, nikamfunika na jani la mgomba, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

"Na ule wa ku pipa?" koko aliuliza nilipoingia.

"Alihamia Beni, koko. Baridi ya huku ilimushinda."

Aliniangalia. Nimemwambia koko upuuzi mwingi, na kila mara alinilipa kwa tusi.

"Mutoto," alisema tu.

Alibaki yule wa mbao. Tulipotaka kumbeba koko kwenda uani alikataa. Tulikuwa tumemtoa mara moja tu, na wazazi, ambao zamani walimvumilia, walikuja mpaka juu ya kichwa chake wakamtukana, kwe-kwe-kwe-kwek, hawakuingia kwenye mbao mpaka aliporudishwa ndani. Hakuomba kutoka tena. Yeye aliyekuwa anagombania kila kipande cha jua alikaa ndani ya saluni yetu, sebule yenye giza, kitenge mabegani, akitetemeka, na mimi nikawa redio yake dirishani.

"Anaita?"

"Anaita, koko."

"Banamuletea?"

"Banamuletea. Kiwavi ile kubwa, ya manyoya. Mimi mwenyewe ningekataa kuila."

Ilienda hivyo siku chache. Mama alipika kwa kunyata. Baba aliambiwa mbao zake zingoje. Motard alizima moteur tangu barabarani akasukuma moto yake kwa mkono mpaka kwake, na kila akipita aliuliza kwa macho tu, nami nikainua kidole gumba.

Kisha nikarudi kutoka masomo siku moja na kwenye mbao pakawa kimya. Nilingoja dirishani. Hakuna mzazi aliyekuja. Nilishindwa kuvumilia, nikatoka, nikalala kifudifudi, nikamulika chini ya mbao na simu. Kulikuwa na mavi meupe na unyoya mmoja mdogo, mweusi. Unyoya mmoja hausemi kitu. Hata anayekwenda vizuri anaacha unyoya.

Koko alikuwa anasubiri, kichwa kimegeukia mlango.

"Haiko?"

"Haiko, koko."

"Aliruka ao alibebwa?"

Nilifungua mdomo. Kwa kawaida ukifunguka kunatoka kitu, hata kibaya, hata mbele ya padri.

"Sikuona," nilisema. "Nilikuwa ku masomo."

"Na mama yako?"

"Alikuwa sokoni."

"Basi hakuna mutu aliona."

"Hakuna."

Kisha akajifunga kitenge vizuri, akaweka mikono kwenye kiti, tayari kwa kubebwa. Mama alirudi, tukamwinua, yeye upande huu, mimi ule, na tulipovuka mlango wale wakubwa wawili walipita juu ya vichwa vyetu, kimya, kuelekea miti ya jirani. Nilikaza macho mpaka yakauma. Walikuwa wanaenda mbio, na jua lilikuwa nyuma yao, na sikuweza kuona kama walikuwa wamebeba chakula mdomoni.